Herufi Kumi za Otopailoti

Mwenyekiti wa kanisa alitaka niseme pole. Hakutaka nifagie kanisa wala nipige magoti mbele ya watu. Alitaka neno hilo moja lichapwe katika gazeti letu la kanisa, pale pale palipokuwa na chemshabongo yangu, na mambo yaishe. Kila aliyenipenda wakati huo alinishauri niliseme. Sikulisema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana aliyekuja Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya kumfuata babake. Baba alikuwa akiishi Soweto West, Kibera, katika chumba cha udongo ambacho ukuta wake alikuwa akiuziba kila mvua zikikatika. Kazi yake ilikuwa kufagia banda la ndege katika uwanja mdogo ulioko upande wa pili wa Barabara ya Langata. Mimi nilihamia Kawangware, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chuo cha kupiga taipureta, na kule kukanyaga matope kutoka Kibera kila asubuhi kulikuwa kumenimalizia viatu.

Chuo ni neno kubwa. Kilikuwa chumba cha mabati ndani ya ploti ya vyumba vya kupanga, kina mashine chache zilizolegea herufi kama meno ya ajuza. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mkali wa tahajia, ambaye angekurudisha upige ukurasa mzima kwa sababu umesahau herufi moja. Yeye pia ndiye aliyekuwa katibu wa kanisa letu. Nilipomaliza mafunzo alinibakisha pale nimsaidie kazi zake, na mojawapo ilikuwa gazeti la kanisa, karatasi chache zilizobanwa kwa pini na kugawiwa mlangoni mara moja kwa mwezi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa haujai. Siku moja akanionyesha nafasi iliyobaki.

"Tafuta kitu cha kuweka hapa," akasema. "Usiniwekee mistari ya Biblia. Hiyo wanayo nyumbani."

Nikaweka chemshabongo. Niliwahi kuziona katika magazeti ya kufungia nyama, za Kiingereza, na sikuwahi kumaliza hata moja. Nilichukua rula na kalamu iliyokauka wino, nikachora miraba juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufishia, kwa mkono mwepesi, maana ukikandamiza stensili inapasuka na dawa ya kuiziba inanuka kama rangi ya kucha. Nikajaza maneno yetu, ugali, lami, pasi, omena, mengine ya mlalo, mengine ya wima. Kisha nikayafuta kichwani na kubaki na miraba mitupu na vidokezo. Kumbe ni kazi ngumu. Ukishaweka neno moja vizuri, jingine linakukataa.

Watu waliipenda. Ibada ikiisha, wamama walikuwa wanakaa nje kwenye mabenchi na kalamu moja inayozunguka, wakibishana.

Baba alisali nasi, lakini ibada ikiisha alitangulia kurudi, nami Jumapili mchana nilikuwa nikitembea hadi Kibera kumwona. Jumapili moja nilimkuta ameketi nje ya mlango na kikombe cha chai ya rangi. Ndege ndogo ikapita juu ya mabati, chini kiasi kwamba tuliacha kuongea mpaka ikapita.

"Huyo akishafika kule mbele ya Ngong," baba akasema, "hashiki kitu tena. Anawasha otopailoti, anakunywa chai yake kama mimi hapa."

"Anawasha nini?"

"Otopailoti. Ni chombo. Inaendesha ndege yenyewe." Baba alikuwa akiyapata haya kwa marubani, ambao walizoea kumwongelesha akiwa anapitisha ufagio chini ya mabawa.

"Na kama kuna mlima mbele?"

Baba akacheka. "Ndiyo shida yake, mama." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. "Haijui mlima. Inajua tu kwenda mahali iliambiwa."

Nililibeba neno hilo hadi Kawangware. Nikaliangalia lilivyoandikwa kwenye kamusi ya mwalimu: autopilot, herufi tisa, vokali zimejaa. Chemshabongo ya Kiswahili inataka vokali kama mboga inavyotaka chumvi. Tatizo lilikuwa ile T ya mwisho. Hatuna neno la kuishia na T, kwa hiyo chochote kitakachokatiza hapo lazima kiwe kinaanza na T au kiwe nayo katikati. Nikaning'iniza "tope" pale, ikakaa.

"Neno la Kizungu ndani ya chemshabongo ya Kiswahili?" mwalimu akauliza.

"Redio tulishaikubali, mwalimu. Na baiskeli pia."

Akanitazama juu ya miwani, akaachilia.

Kidokezo cha kwanza kilisema: "Huendesha ndege huku rubani akinywa chai." Karibu wote walishindwa. Jibu lilipotoka mwezi uliofuata, neno likawatoka na kuingia mitaani. Wamama wa kanisa wakawa wanasema, "Leo nimefua na otopailoti, sijui hata nimeanika saa ngapi." Nikaona linataka kurudi. Nikaliweka tena kwa kidokezo kingine: "Humfikisha mlevi mlangoni kwake bila kuuliza njia." Hapo walicheka hadi mzee mmoja wa kanisa akaja kuuliza kuna nini. Mara nyingine nikaandika: "Mama husonga ugali nayo mtoto akilia mgongoni." Neno lile lile, na kila nikiligeuza nilikuta upande ambao sikuwa nimeuona. Wasomaji walianza kulitafuta kabla ya mengine yote.

Kisha nikaandika hiki: "Sala hujisema yenyewe, mwombaji akiwa safarini."

Je, nilimlenga mwenyekiti? Nimeulizwa swali hili mara nyingi. Nilipokuwa naandika nilijifikiria mimi mwenyewe, jinsi ninavyoimba wimbo mzima kanisani huku nikiwaza kama nimezima stovu. Nilifikiria wenzangu wa kwaya pia. Na ndiyo, alinipitia akilini na yeye, sitasema uongo. Ningemrukaje? Mwenyekiti ndiye aliyefungua kila ibada, na sala yake ilikuwa moja, neno kwa neno, kuanzia "Baba uliye juu ya milima na mabonde" mpaka mwisho. Watoto wa shule ya Jumapili waliijua kuliko Sala ya Bwana. Alikuwa mtu mzito, mwenyeji wa Kawangware tangu wakati ilipokuwa mashamba, mwenye ploti nyingi, na wengi wetu kwenye mabenchi tulikuwa wapangaji wake au wapangaji wa ndugu zake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sala yake imechakaa.

Jumapili hiyo gazeti liligawiwa kabla ya ibada badala ya baada, kwa sababu mvua ilitishia. Kwa hiyo watu walikuwa nalo mikononi mwenyekiti aliposimama. "Baba uliye juu ya milima na mabonde," akaanza. Kutoka benchi la kwaya mtu akanong'ona, "Otopailoti."

Kicheko hakikulipuka. Kilipita chini chini, benchi hadi benchi, mabega yakitetemeka, wamama wakijiziba midomo kwa leso. Mwenyekiti akafungua macho. Akaendelea neno moja, mawili, kisha akanyamaza. Tukangoja. Nilimwona akitafuta ile sala kama mtu anayepapasa mifuko yake kutafuta ufunguo. Ilikuwa imempotea. Kicheko nacho kikafa, tukabaki na mvua iliyoanza kudondoka juu ya mabati.

Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Bwana, nisaidie." Akaketi.

Sikucheka. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kutuombea, na ukiniuliza mimi, niliiamini kuliko zote.

Baada ya ibada tuliitwa nyumbani kwake, mimi na mwalimu. Alituketisha kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Hakutupatia chai. Gazeti lilikuwa juu ya meza, limekunjwa ukurasa wa mwisho ukiwa juu.

"Hii umeandika hapa," akasema akikigusa kidokezo kwa kidole, "ulikuwa unamaanisha nani?"

"Jibu lake ni otopailoti, mzee."

"Sijauliza jibu. Nimeuliza nani."

"Ni mtu yeyote anayeomba hivyo. Hata mimi huomba hivyo."

"Wewe huombi mbele ya watu." Alivuta pumzi. "Msichana, mimi nimeongoza hii kanisa kabla uzaliwe. Mwezi ujao utaandika pole hapo. Katibu atakuonyesha vile inaandikwa."

Sikuwa nimejiandaa kusema lolote. Maneno yalitoka tu. "Mzee, kidokezo hakina jina la mtu. Nikiandika pole kwako, si nitakuwa nimewaambia watu wote kwamba ni wewe?"

Mwalimu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mwenyekiti alilikunja gazeti mara ya pili. Nafikiri aliona ukweli wa jambo hilo, na kuuona ndiko kulikomuudhi zaidi.

"Andika tu," akasema.

"Hapana, mzee."

Nilishangaa jinsi lilivyo neno dogo. Nyumbani kwetu msichana hamwambii mzee hapana uso kwa uso. Anainamisha kichwa, anasema ndiyo, kisha hafanyi. Huo ndio ungekuwa mwenendo wa kawaida, na huenda yangeisha hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka na ndiyo za kuinamisha kichwa.

Njiani mwalimu alitangulia mpaka tulipofika kwenye mfereji wa maji machafu ambapo unavuka juu ya ubao. Hapo akasimama.

"Andika," akasema. "Chuo changu kiko kwa ploti yake. Unajua hivyo."

"Najua. Andika wewe, mwalimu. Lakini usiweke kwamba ni mimi nimesema."

"Unajifanya nani?"

"Sijifanyi mtu. Sijakosa."

Mwezi uliofuata gazeti lilitoka bila chemshabongo. Mahali pake palikuwa na mistari miwili iliyoomba radhi kwa waumini waliokwazika. Nilitambua mkono wa mwalimu katika zile koma. Mimi mwenyewe niliambiwa nipumzike kidogo kwaya. Na kabla ya mwezi kuisha, mwangalizi wa ploti nilimopanga alikuja akaniambia chumba changu kinatakiwa na jamaa wa mwenye nyumba. Alisema hivyo akitazama kufuli. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ametumwa.

Sikulia mbele yake. Nilifunga godoro kwa kamba, nikatafuta kijana wa mkokoteni, nikapakia kitanda, stovu na sufuria zangu, na tukashika njia kuelekea Ngong Road, yeye akivuta mbele na mimi nikisukuma nyuma. Watu wa kanisa waliniona nikipita. Wengine walinisalimia kwa nyusi. Niliwajibu kwa sauti, kila mmoja, "Sasa!", mpaka kijana wa mkokoteni akaniuliza kama nagombea udiwani.

Baba aliponiona na mzigo hakuuliza. Alinisaidia kuingiza godoro. Alikuwa ameshasikia habari yote, maana na yeye alikuwa wa kanisa lile lile. Kila Jumapili alitembea hadi Kawangware akiwa amevaa koti lake la kahawia, kwa sababu alikuwa kiongozi wa wapokea wageni, na kazi ya kuwaonyesha watu mahali pa kukaa aliipenda kuliko kitu kingine chochote katika mji huu.

Tulipomaliza kula akasema, "Sema pole, mama. Pole haina mfupa."

"Ingekuwa haina, baba, ningeshaimeza."

"Ni neno moja."

"Kwa kosa gani?"

Swali hilo lilimkasirisha. Aliniambia kwamba yeye amesema pole maisha yake yote, kwa mafundi wa ndege, kwa askari wa langoni, kwa mwenye nyumba, mara nyingi kwa makosa ambayo hakuyafanya, na angalia, bado yuko hai. Nilimwambia kwamba hilo ndilo linaloniuma. Kumkatalia mwenyekiti kulikuwa kwepesi. Kumkatalia baba kulinichukua nguvu zote, na kwa muda tulikaa chumba kimoja tukiongea tu habari za maji na mafuta ya taa.

Nilipata kibarua cha kupiga chapa katika duka moja Ngong Road. Njia yangu ilipita Kambi Muru, mtaa mwingine wa Kibera, karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi alfajiri. Kioski chake kilikuwa na mlango mpana wa mbao ambao ukifunguliwa unalala ukutani mchana kutwa. Alikuwa mmoja wa wale wamama wa benchini, mkali wa kubishana.

"Wametunyima chemshabongo," akanilalamikia asubuhi moja. "Wameweka radhi. Radhi nitaijaza na nini?"

Nilicheka, na katika kucheka nikautazama ule mlango. Jioni hiyo nilisaga makaa ya betri kuukuu, nikayachanganya na maji na uji mwepesi wa unga, nikaupaka mlango wote ukawa mweusi kama ubao wa shule. Kesho yake nikachora miraba kwa chaki na kuandika vidokezo pembeni. Nilikuwa nikiandika asubuhi nikienda kazini na kujaza majibu jioni nikirudi.

"Andika utakavyo," mama wa mandazi akasema. "Bora usizibie wateja wangu njia."

Wateja ndio waliokuja kuiziba. Wafanyakazi wa mjengo walisimama na chai mkononi, wakijaza. Wasioweza kusoma waliomba wasomewe na mara nyingi walijibu wa kwanza. Bila shaka niliweka neno langu. Sikulificha. Nililiweka mlalo, katikati kabisa, na kidokezo alinipa mama mwenyewe: "Mkono hugeuza mandazi, akili iko Busia."

Jioni nilikuta kundi na kelele. Fundi viatu wa pale jirani, mwanamume mrefu mwenye aproni ya ngozi, alikuwa amesimama mbele ya ubao na chaki.

"Nani amechora hii?" akauliza.

"Ni mimi."

"Dada, umetupunja sanduku moja. Angalia." Akahesabu kwa chaki hewani. "O, T, O, P, A, I, L, O, T, I. Kumi. Wewe umeweka tisa."

"Ni tisa. Linaandikwa A, U, T..."

"Na nani?"

"Na wenye neno."

"Wenye neno ni kina nani? Hapa Kambi Muru tunalisema kila siku. Hiyo yako inaishia na T kama mtu amekatwa ulimi."

Kundi likaangua kicheko. Nilibishana naye. Nilimtajia kamusi ya mwalimu, nikamtajia maneno redio na baiskeli, na hapo ndipo aliponikamata, kwa sababu redio na baiskeli zote mbili tumeziandika kwa sauti yetu. Nikasimama pale nikijua kwamba nimeshindwa. Nikachukua kitambaa cha mama wa mandazi, nikakilowesha, nikafuta na kuchora upya miraba kumi. Ile T iliyonisumbua miezi mingi ikawa na I nyuma yake, na neno likaketi kati ya mengine kama limezaliwa hapa. Fundi alikuwa na haki, na mwenye haki simnyimi. Mimi sikuwa mtu wa kukataa kila kitu. Nilikataa kuomba msamaha kwa jambo ambalo halikuwa kosa, basi.

Habari za mlango zilifika Kawangware. Jumamosi moja alasiri wazee wawili wa kanisa walikuja Soweto West, wakaketi kitandani kwa baba maana viti havikutosha. Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Walizungumza na baba kana kwamba sipo. Walimwambia mwenyekiti amevumilia vya kutosha, kwamba msichana sasa anatangaza mambo ya kanisa ukutani, na kwamba haitaonekana vizuri kiongozi wa wapokea wageni akishindwa kupokea heshima katika nyumba yake mwenyewe. Aniamuru niandike pole.

Baba alikuwa ameshika kofia yake. Aliizungusha, akaizungusha. Nilijua alichokuwa anapima.

"Binti yangu ana mdomo wake," akasema mwishowe. "Muulizeni yeye."

Wakageuka. Ilikuwa mara yao ya kwanza kunitazama tangu waingie.

"Wazee wangu," nikasema, "nimeandika habari ya chombo cha ndege. Nimeandika habari ya mlevi na ya mama anayesonga ugali, na hakuna mlevi wala mama aliyekuja hapa kudai pole. Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Mmoja alisimama papo hapo. Mwingine, yule mwenye umri zaidi, alikohoa kikohozi ambacho bado naamini kilikuwa kicheko. Wakaondoka bila kuombewa safari.

Jumapili iliyofuata baba alienda kanisani na koti lake. Alikuta mtu mwingine amesimama mlangoni, naye ndiye aliyemwonyesha mahali pa kukaa, nyuma. Aliketi. Aliporudi alinieleza yote, mpaka jinsi yule mpya alivyowachanganya wageni na kuwakalisha wamama wenye watoto mbali na mlango. Nilimwambia, "Nisamehe, baba, kwa hilo." Kwake nililisema bila kusitasita, kwa sababu kwake nilikuwa nimechukua kitu kweli. Akasema nisiwe mjinga. Kisha akaniuliza kesho nimepanga kidokezo gani.

Mwenyekiti mwenyewe nilikuja kukutana naye baada ya miaka kadhaa, sokoni Kawangware, karibu na wauza viazi. Alikuwa amekonda na mguu mmoja umefungwa bendeji. Alinitambua kabla sijaamua kama nitajificha.

"Wewe ndiye wa chemshabongo."

"Ndiye mimi, mzee." Na kwa kuwa nilifunzwa adabu, nikasema, "Pole ya mguu."

Akanitazama. "Ya mguu tu?"

"Ya mguu tu."

Akatikisa kichwa, na sikuweza kujua kama ni hasira au ni nini. Aliniambia kwamba ile sala hakuwahi kuirudia. Kwamba siku hizi akisimama huwa hajui atasema nini, na jambo hilo humwogopesha kila Jumapili. Alilisema kama lawama, nami nikalipokea kama lawama. Nilimbebea mfuko wake wa viazi hadi barabarani, tukaagana.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kufanya kazi na mwalimu. Kabla ya hapo alikuwa amekuja mwenyewe Kambi Muru siku moja, akasimama mbele ya mlango wa mandazi, akasoma vidokezo vyote kwa miwani yake, akaokota chaki na kusahihisha koma. Alikuwa amehamisha mashine zake hadi chumba kingine, nje ya ploti ya mwenyekiti, na alikuwa anaanzisha karatasi yake ndogo ya kuuza, yenye hadithi, mapishi na matangazo ya mafundi. Alinitaka kwa ukurasa wa mwisho.

"Lakini nitakuwa nasoma kabla hatujachapa," akasema.

"Soma tahajia. Maana usiguse."

"Na kama kuna mtu atalalamika?"

"Mtume kwangu. Nakaa Soweto West, kila mtu ananijua."

Alifikiri, akapangusa vidole vyenye chaki kwenye sketi yake. Kisha akasema kwamba otopailoti yangu ya herufi kumi ni aibu mbele ya kamusi yoyote, na hataichapa hivyo. Nikamwambia ataichapa hivyo hivyo. Mama wa mandazi akatuletea chai, fundi viatu akaja na aproni yake kutoa ushahidi, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Ilichapwa hivyo hivyo.